Bampa za Léonard Kapya na Mchanga wa Njia ya Pweto

Tarehe 28 Septemba 1962, kengele ya jioni ikishalia, Bwana Léonard Kapya atatoka kwenye gereji yetu ya Elisabethville akiwa mstaafu, baada ya miaka thelathini na moja ya kazi. Hivyo ndivyo lisemavyo tangazo la ofisi. Nimelihakiki tangazo hilo mwenyewe, na safari hii nimelikuta ni la kweli.

Nimeombwa niandike mimi, Yuma, mtunza stoo. Nilipouliza kwa nini mimi, nikajibiwa kwamba ninamfahamu mstaafu kuliko wengine. Jibu hilo halikuniridhisha. Nadhani wengine walikataa, maana siku hizi mjini kwetu hakuna anayependa kuliona jina lake chini ya karatasi. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba niandike kwa Kiswahili, ambacho wakubwa wa ghorofani wanakijua kwa salamu tu. Na kwa kuwa mimi sinywi bia, wakati hotuba hii inasomwa nitakuwa nimekaa nyuma nikitazama nani anacheka wapi.

Léonard alizaliwa upande wa Kasenga, karibu na mto Luapula. Aliingia gereji hii mwaka 1931 kama mvuta mivukuto, akawa mpiga nyundo, akajifunza kuchomelea kwa gesi, na mwishowe akawa mkuu wa sehemu ya bodi na vyuma. Hakuna gari la kampuni lililopita hapa bila kupigwa nyundo na mkono wake. Ana nyundo ndogo ambayo haitoki mfukoni. Huligonga bomba, akainamisha kichwa, akasikiliza. Chuma kizima hulia, chenye ufa hukohoa, na Léonard hajawahi kumwamini muuzaji, cheti, wala rangi mpya mpaka amesikia kwa sikio lake.

Tabia hiyo aliipeleka kila mahali. Siku ya arusi ya binti yake Martine, upande wa bwana harusi ulileta masufuria sita, nao wakayapanga kwa fahari mbele ya wageni. Léonard aliyapitia moja moja kwa nyundo yake. La tano lilikohoa. Lilikuwa limezibwa tundu kwa madini ya risasi chini, na jamaa wa bwana harusi walilirudisha kimya kimya kabla ya kitoweo kuanza kupakuliwa.

Sisi wawili tulielewana kwa sababu hiyo hiyo. Alipokuja stoo kuchukua mtungi wa gesi, mimi nilimtazama viatu nione kama ametoka moja kwa moja kazini, naye aliugonga mtungi aone kama nimempa uliojaa. Hatukuwahi kugombana. Watu wawili wasioaminiana waziwazi hukaa kwa amani kuliko marafiki wengi ninaowajua.

Sasa nizungumzie kazi iliyompa jina. Land Rover zilipoanza kuja, zilikuja na bampa za kiwandani, nyembamba na zilizonyooka. Kwenye lami zinatosha. Kwenye njia ya Kinsevere, ambako visiki huachwa virefu hadi gotini na vichuguu vinaishinda nyumba ya mlinzi kwa ukubwa, zilirudi zikiwa zimekunjwa na kubebwa ndani ya gari. Mkurugenzi akaagiza bampa nyingine, pana, inayong'aa, ambayo muuzaji aliapa kwamba inaweza kumsukuma tembo. Léonard aliizunguka akiigonga huku na huku. Halafu akauliza ni nani hasa katika kampuni aliyekuwa na haja ya kumsukuma tembo.

Hakuipenda kwa sababu mbili. Ilikuwa nzito mno, kwa hiyo pua ya gari ingeinama na springi za mbele zingechoka kabla ya mwaka. Tena pembe zake zilitokeza mbele ya magurudumu, kwa hiyo gari lingeanza kupanda ukingo wa mto kwa bampa badala ya tairi, na lingekwama hapo hapo. Yeye akatengeneza ya kwake kutoka bomba zito la mvuke alilolitoa kwenye chakavu cha kiwanda. Ilikuwa fupi, ncha zake zimepindwa juu na nyuma. Aliifunga kwa boliti kwenye chasisi, wala hakuichomelea, kwa kuwa alitaka ing'oke kwa urahisi siku itakapopinda. Kwake bampa iliyorudi imepinda huku rejeta ikiwa nzima ilikuwa imefanya kazi yake vizuri. Ile ya tembo bado iko stoo kwangu, na inang'aa vile vile.

Vyuma vya ubavuni vilimletea sifa zaidi. Ni mabomba mawili yanayopita chini ya milango, moja kila upande, ili gari likikalia jiwe likae juu ya bomba na si juu ya kizingiti cha mlango. Gereji nyingine ziliyafunga kwenye bodi. Jiwe moja tu, na mlango haufungiki tena. Léonard aliyashikiza kwenye chasisi kwa vyuma vifupi, akayabana karibu na gari kisiki kisipate pa kunasa, akahakikisha jeki inaweza kuyakamata popote. Leo magari yetu yote yana vyuma hivyo, na magari ya watu wengine pia, ambao walikuja kupiga soga hapa gerejini huku wakipima kwa viganja. Niliwaona.

Kuna jambo moja la ufundi ambalo lazima nilieleze, kwa sababu ndilo lililotuponza. Bomba tupu ukilipinda hukunjika katikati. Kwa hiyo hujazwa mchanga, ncha zake zikazibwa kwa vizibo vya mti, likatiwa motoni, ndipo likapindwa taratibu. Mchanga lazima uwe mkavu kabisa, maana unyevu ukipata moto hukitupa kizibo kwa nguvu ya ajabu. Dirisha letu la mashariki ni la mbao tangu mwaka 1954 kwa sababu hiyo. Ndiyo maana Léonard huukaanga mchanga wake juu ya bati, na wageni hudhani tunajipikia karanga. Bomba likishapinda, mchanga humwagwa, nyundo hupita, kisha ncha huchomelewa vifuniko ili tope lisiingie.

Julai mwaka jana ilitakiwa Land Rover ya kwenda Pweto, kupeleka chumvi na sabuni na kurudi na samaki wakavu wa mgawo wa wafanyakazi. Mnaukumbuka mwaka jana, sina haja ya kuwaeleza. Bendera mpya ya Katanga iliyojitenga ilikuwa juu ya posta, kila njia ilikuwa na kizuizi, na mtu mwenye asili ya Kasai, aliyehesabiwa adui, aliulizwa karatasi hata akienda kuchota maji. Watu waliofanya kazi bega kwa bega miaka kumi walianza kuulizana walikozaliwa. Nami, ambaye kushuku ni mshahara wangu, niliona aibu kwa namna kazi yangu ilivyogeuka kuwa kazi ya kila mtu.

Dereva wa safari ile alikuwa Donat Mukendi, mtu wa Kasai, dereva bora tuliyewahi kuwa naye. Ninaandika jina lake lote kwa kuwa sasa yuko mahali ambapo karatasi hii haiwezi kumdhuru. Wiki kadhaa kabla ya safari nilipita nyumbani kwake katika mtaa wa hapa mjini uitwao Kenya, nikaona kwenye kamba ya nguo mashati ya mwanamume tu. Hapakuwa na kitenge wala gauni la mtoto. Nikaulizia huku na huku, nikapata kwamba mkewe Wivine na watoto walikuwa wamekwisha kwenda Pweto, kwa dada yake anayeuza samaki. Anayepajua Pweto anajua kwamba kutoka pale Rhodesia, ng'ambo ya mpaka, si mbali. Nikajua Donat naye anasubiri njia, nikanyamaza.

Gari lilitakiwa haraka, na bomba moja la ubavuni liligoma. Nadhani mchanga haukukaangwa vya kutosha; ulishikana mahali bomba la kushoto lilipopindwa, ukakataa kutoka. Léonard aligonga, akasikiliza, akaamua kuuacha humo mpaka tutakaporudi. Kwa fundi uamuzi huo haukuwa na ubaya. Bomba lenye mchanga halibonyei upesi, na uzito wake gari linauvumilia. Akaziba ncha kwa vifuniko, akapiga rangi. Aliwaza mawe ya njiani, hakuwaza askari.

Tukaondoka watatu. Donat alishika usukani. Léonard alikuja kwa sababu tangu zamani hupanda gari safari ya kwanza ya kila bampa anayoitengeneza, akisikiliza chini ya sakafu. Mimi nilikwenda kuwapokea samaki, kwa sababu siwaamini samaki waliohesabiwa na mtu mwingine.

Baada ya kupita kijiji cha Kasomeno tulikuta kizuizi cha askari. Sajini wake alikuwa mtu mwembamba, mpole wa sauti, na ndani ya dakika moja nilitambua kwamba angefaa sana kuwa mtunza stoo. Alifungua kila gunia la chumvi. Alinusa sabuni. Halafu akachukua kitako cha bunduki, akagonga bomba la kulia, likalia. Akazunguka, akagonga la kushoto, likatoa mshindo mzito wa kitu kilichojaa. Akarudi kulia, akarudi kushoto. Mbele yake alikuwa na dereva wa Kasai anayeelekea kaskazini, ambako vita vilikuwa vinaendelea.

“Hii moja inalia, hii ingine inanyamaza,” alisema. “Juu ya nini?”

Léonard alieleza habari za mchanga. Kadiri alivyoeleza kwa usahihi ndivyo ilivyosikika kama uongo. Mwishowe akaomba msumeno wake wa chuma, akakata ncha ya bomba mbele ya askari wote, akachokonoa kwa kipande cha waya, na mchanga ukaanza kumwagika barabarani. Nilipumua. Nilipumua mapema mno. Sajini aliuchota, akausugua kwa vidole, akauonja kwa ulimi. Risasi angezielewa. Lakini watu wanaochomelea mchanga ndani ya chuma na kuupeleka Pweto, penye ziwa lenye mchanga wa bure pwani nzima, hao walimtia wasiwasi kuliko wenye risasi. Akachukua tena karatasi za Donat, akasoma mahali alipozaliwa, akasema gari linaweza kuendelea lakini dereva atabaki.

Sote tulijua maana yake. Mtu wa Kasai aliyebaki kwenye kizuizi wakati ule, jamaa zake hawakuuliza atarudi lini. Donat aliizima injini, akaweka mikono yote miwili juu ya usukani. Mimi niliitazama chumvi, kwa kuwa sikuweza kumtazama yeye.

Ndipo Léonard akasimama kati ya sajini na mlango wa gari.

“Muchanga iko yangu, bomba iko yangu,” alisema. “Shofere hajue kintu. Mi njo nitabakia.”

Sajini alilifikiria ombi hilo la kubaki badala ya dereva. Wala mimi wala Léonard hatujui kuendesha gari. Bila Donat, gari lingebaki pale likiziba njia. Tena Léonard alikuwa mtu wa Katanga mwenye mvi, wa kuulizwa maswali kwa utulivu. Akaamua kwamba fundi abaki, na mwenye stoo abaki naye, na dereva aende peke yake na arudi kabla ya Jumapili kuisha. Asiporudi, itajulikana kwamba mchanga ule ulikuwa na maana, na sisi wawili tutapelekwa mjini tumefungwa kamba kwenda kuueleza. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Donat alimtazama Léonard, akawasha gari, akaenda.

Niliogopa, na sioni sababu ya kuficha. Tulipopewa bukari, yaani ugali wetu, tukakaa pembeni kula, nikamnong'oneza Léonard yale niliyoyaona kwenye kamba ya nguo. Nikamwambia Wivine na watoto wako Pweto, mtu huyu hana hata kijiko kilichobaki Elisabethville, na ng'ambo ni karibu. Léonard akajibu kwamba anajua, alimfungia Wivine sanduku la vyombo kwa mkono wake. Akaendelea kula. Nikasema moyoni, basi mzee huyu, aliyeyagonga masufuria ya wakwe zake, amempata hatimaye mtu mmoja wa kumwamini bila kumgonga.

Siku zile alizipitisha akifanya kazi. Aliutengeneza mti wa kizuizi uliokuwa ukikwama, akawazibia askari sufuria lao. Jumamosi akaniambia ufunguo wa sanduku lake la zana unakaa nyuma ya tanuru, na kwamba Mama Madeleine, mkewe, asiuze mtungi wake wa zamani wa gesi kwa bei ya chakavu. Niliona ni utaratibu wa fundi tu. Mimi nilikuwa na shughuli yangu ya kutunga maneno ya kumwambia sajini Jumapili usiku.

Jumapili alasiri vumbi lilionekana upande wa ziwa. Ilikuwa Land Rover yetu, na kwenye usukani alikuwa Donat, peke yake, magunia ya samaki nyuma. Sajini aliyagonga mabomba yote mawili, akabaki na gunia moja la samaki kwa ajili ya kuchunguza zaidi, akauinua mti. Donat akatueleza kwa sauti ya chini kwamba Ijumaa aliwavusha Wivine na watoto mpaka Rhodesia, akanywa nao chai, akawaaga, akageuza.

Mimi nilitaka kupanda gari tukimbie. Lakini Léonard alikuwa amesimama mbele ya Donat, na alikuwa amekasirika. Katika miaka yote sikuwahi kumwona hivyo.

“Nilibakia juu weye uende,” alimwambia. “Unarudia kufanya nini?”

“Nilijua, baba,” Donat alisema. “Njo maana nimerudia.”

Léonard alimgeuzia mgongo, akaenda kuikagua bampa ya mbele, ambayo haikuwa na hata mkwaruzo. Aliikagua kwa muda mrefu sana. Alikuwa analia. Ninaliandika hili kwa sababu nilizunguka upande wa pili kuhakikisha.

Mwezi uliofuata Léonard alitengeneza bampa nyingine, akasema lazima ijaribiwe kwenye njia ya Sakania, mpakani kabisa mwa Rhodesia, na dereva lazima awe Donat. Gari lilirudi likiendeshwa na mtu tusiyemjua, Léonard ameketi kando yake. Ofisi ilielezwa kwamba Donat alishikwa na maumivu ya jino akabaki kutibiwa. Nimefanya kazi na Donat miaka mingi na meno yake ninayafahamu. Sikuuliza, na ofisi, nashukuru, haikuwa na akili ya kuuliza.

Basi kwa niaba ya wafanyakazi wote ninakushukuru, Baba Léonard, kwa kila boliti uliyoikaza na kila gari lililotufikisha nyumbani. Tunamshukuru Mama Madeleine aliyetuazima wewe muda wote huu. Watakuja wengine wa kupinda mabomba, nami nitawatazama viatu kama kawaida. Wewe ulikuwa ukibaki ili wengine waende. Leo ni zamu yako kwenda, na sisi ndio tunaobaki. Nenda salama, uishi vema na uishi sana, na tukikukuta hapa getini Jumatatu asubuhi tutakuuliza umerudia kufanya nini.